Meza ya Sista: Vidonge vya tezi, sindano ya kalsiamu na chai ya asubuhi

Haya wasomaji wangu wa Tabora na Kigoma, mwangaluka. Mwezi huu maswali mengi ni ya shingo tu, kuanzia Urambo mpaka Ujiji watu wanauliza goita (uvimbe wa tezi ya shingo), thairoksini, kabimazoli, kalsiamu. Nimechagua machache, yale yanayofanana nimeyaunganisha, majina nimeficha kama kawaida yetu. Mimi ni mkufunzi mstaafu wa uuguzi, sio daktari wa tezi, kwahiyo nitakwambia dawa inafanyaje kazi na inamezwaje, dozi yako anaipanga aliyekupima.

Shikamoo Sista. Mama yangu alitolewa tezi yote mwaka jana kwa ajili ya goita, akaanzishiwa levothairoksini ya 100. Kila asubuhi anameza mbele yangu lakini bado kachoka, anajifunika blanketi hata mchana wa Oktoba, choo kigumu, uso umevimba. Huwa anameza na chai ya maziwa na michembe, pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Sasa tumeambiwa dozi iongezwe. Tukubali? Binti wa Urambo

Marahaba mwanangu. Na pole kwa kumuuguza mama. Jibu umeshaliandika mwenyewe kwenye swali, liko kwenye hiyo chai.

Levothairoksini ni ile ile homoni ambayo tezi ilikuwa inatengeneza, sasa tezi haipo, kidonge ndio tezi yake mpaka mwisho wa maisha. Shida yake ni kwamba ni dawa yenye maringo sana kwenye kufyonzwa, inataka tumbo tupu na maji matupu. Maziwa yana kalsiamu, vidonge vya damu vina madini ya chuma, vyote viwili vinaikamata dawa humo humo tumboni vinatoka nayo chooni, yaani mama anameza 100 lakini inayoingia kwenye damu ni kidogo tu. Dawa za kiungulia za magnesiamu na aluminiamu hivyo hivyo, soya pia, na kahawa usiseme.

Kwahiyo fanyeni hivi: akiamka tu, kabla ya kitu chochote, kidonge na glasi ya maji. Asubiri nusu saa mpaka saa nzima ndio chai na michembe yake ifuate. Vidonge vya damu, kalsiamu, dawa za tumbo, vikae mbali masaa 4, vipelekeni mchana au jioni. Kama asubuhi ni vurugu, kuna wajukuu wa kuandaa shule, anaweza kumeza usiku wakati wa kulala ilimradi yamepita masaa 3 tangu ale, ila achague muda mmoja asiwe anarukaruka.

Sasa kuhusu kuongeza dozi, hapa sikiliza vizuri maana ndipo watu wanapoumia. Ukiongeza dozi leo, halafu kesho ukarekebisha na chai, mama atapata dawa nyingi ghafla, moyo utaenda mbio, jasho, mikono inatetemeka, usingizi hamna, na mtu mzima mwenye moyo dhaifu anaweza kupata maumivu ya kifua kabisa. Rudi kwa dokta umwambie habari ya chai na vidonge vya damu, wengi hawaulizi na wagonjwa hawasemi. Mara nyingi atasema dozi ibaki hapo hapo, turekebishe unywaji, tupime TSH, kile kipimo cha damu kinachoonyesha kama homoni ya tezi inatosha, baada ya wiki 6 hadi 8. Mbona muda mrefu hivyo? Kwa sababu dawa hii inakaa mwilini, nusu yake inachukua kama siku 7 kutoka, kwahiyo inachelewa kutulia na ukipima baada ya wiki mbili unapata namba isiyo na maana, hela imekwenda bure. Lakini kama mama anaanza kuwa na usingizi usio wa kawaida, haamki vizuri, anapumua taratibu, mwili wa baridi, hapo hakuna kusubiri wiki sita, hospitali muda huo huo.

Kingine, angalia boksi. Hizi dawa ni mikrogramu, sio miligramu. Mikrogramu 100 ni sawa na miligramu 0.1, na nimeona makaratasi ambayo mtu kaandika haraka haraka "100mg" na mgonjwa anazunguka na karatasi hilo maduka yote. Ukiona hivyo rudisha, usiogope.

Sista naendesha boda hapa Mwanga Kigoma, niligundulika tezi inafanya kazi kupita kiasi, nikapewa kabimazoli na propranololi. Wiki ya tano sasa. Juzi nimepata homa na koo linauma sana, vidonda mdomoni, nikajua malaria, nimenunua dawa ya malaria na ya koo. Niendelee na kabimazoli? Kijana wa Mwanga

Huyu tulimpigia simu siku ile ile ujumbe ulipofika, hakungoja gazeti, na nyie mnaosoma mkiwa na hali kama yake msingoje pia. Simamisha kabimazoli, nenda hospitali leo, wambie "natumia kabimazoli, nina homa na koo linauma", wakupime damu kamili, ile maabara wanaita FBP. Basi.

Sababu ni hii. Kabimazoli, na ndugu yake PTU, kwa watu wachache sana huangusha chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu, zinashuka mpaka karibu na sifuri, na mara nyingi inatokea ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Dalili ya kwanza ni hiyo hiyo koo, homa, vidonda vya mdomo. Kwetu huku Kigoma na Tabora malaria ni nyingi mno kwahiyo homa yoyote mtu anakimbilia kipimo cha malaria, na kikisoma ndio, kila mtu anaridhika na mgonjwa anarudi nyumbani. Kwa mtu wa kabimazoli haitoshi! Malaria inaweza kuwepo na chembe nyeupe nazo zikawa zimeisha, vyote kwa pamoja. Manesi wa mapokezi mlioko huko, mkisikia neno kabimazoli msimrudishe mtu bila FBP, nawaomba. Macho yakiwa ya njano au mkojo mweusi, hilo ni ini, nalo ni la siku hiyo hiyo, hasa kwa wanaotumia PTU.

Wengine wameuliza mbona dawa haifanyi kazi, mwezi mzima bado wamekonda na wanatetemeka. Inafanya, ila kabimazoli inazuia tezi kutengeneza homoni MPYA, haigusi ile iliyokwisha kuhifadhiwa ndani ya tezi, na tezi ina akiba ya wiki kadhaa. Mpaka akiba iishe ndio unaanza kusikia nafuu, wiki 3 mpaka 8 hivi. Katikati hapo propranololi ndiyo inatuliza mapigo na mikono, haitibu tezi, inakushikia tu. Mwenye pumu propranololi asiiguse, aseme mapema. Ukianza kunenepa na kulala vizuri usiache, matibabu kwa kawaida ni mwaka 1 mpaka mwaka na nusu, anayeacha mwezi wa nne kwa sababu "nimepona" tunamwona tena mwezi wa saba moyo ukienda mbio.

Na akina mama, kabimazoli na miezi mitatu ya mwanzo ya ujauzito haviendi pamoja, inaweza kumdhuru mtoto, hapo daktari huwa anahamishia PTU. Kwahiyo ukipanga kupata mtoto sema kabla.

Nasoma diploma ya uuguzi mwaka wa pili hapa Tabora mjini. Tumefundishwa kalsiamu glukoneti isukumwe taratibu na usichome kwenye msuli, nikiuliza kwanini naambiwa kariri tu. Na ile ya kugonga shavu la mgonjwa aliyetoka kukatwa tezi sijaielewa. Mwanafunzi

Kariri tu! Mambo hayo yananiudhi mpaka leo na nimestaafu. Dawa ya kwenye mshipa haikaririwi mwanangu, ukikariri saa nane usiku wodini peke yako utasahau, ukielewa hutasahau.

Anza na shingo. Nyuma ya tezi kuna vitezi vingine vidogo, kwa kawaida vinne, kila kimoja ukubwa wa punje ya mchele, vinaitwa parathairoidi, na kazi yake ni kushikilia kalsiamu ya damu isishuke. Daktari akitoa goita kubwa vile vitezi vinaweza kuguswa, kukosa damu au kutoka navyo, na kalsiamu inaanza kushuka, mara nyingi kati ya saa 24 na 72 baada ya upasuaji. Yaani mgonjwa siku ya kwanza anakula uji, anacheka na ndugu zake, siku ya pili jioni anakwambia "sista midomo inaganda ganzi, vidole vinachoma choma". Usimwambie ni dripu imekaa vibaya. Kalsiamu ikipungua mishipa ya fahamu inakuwa myepesi kushtuka, inapiga yenyewe bila sababu, ndio ganzi, ndio mkakamao wa mikono, na ikifika kwenye koo la sauti linajifunga mgonjwa anakosa hewa, anaweza kupata degedege pia.

Kugonga shavu ni kuamsha huo wepesi. Unagonga kwa kidole mbele ya sikio pale unapopita mshipa wa fahamu wa uso, midomo ikiruka upande ule hiyo ni ishara ya Chvostek. Ila usiitegemee peke yake, kuna watu wenye afya kabisa wanayo. Ya kuaminika zaidi ni ya Trousseau: funga mashine ya presha mkononi, pandisha 20 juu ya presha ya juu ya mgonjwa, acha dakika 3 huku unaangalia mkono, ukijikunja kwenye kifundo cha kiganja na kidole gumba kikaingia ndani, mwite daktari huku unatoa damu ya kalsiamu. Kawaida yake ni kama 2.1 mpaka 2.6 milimoli kwa lita. Albumini, ile protini ya damu inayobeba kalsiamu, ikiwa chini namba ya jumla inadanganya, kumbuka hilo.

Tena usichanganye na damu inayovuja shingoni, ile inakuja masaa ya mwanzo, shingo inavimba, bandeji inabana, mgonjwa anakoroma. Ndio maana pembeni ya kitanda panakaa saksheni (mashine ya kunyonya makohozi), oksijeni na vifaa vya kufungua koo na jeraha, na kila unapopita unamwambia mgonjwa aongee, jina lake tu linatosha, sauti ikikwaruza ghafla andika na toa taarifa.

Sasa sindano. Ampuli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 10 yenye mililita 10 ni gramu 1 ya dawa, lakini kalsiamu yenyewe ndani yake ni miligramu 93 hivi. Kwa mgonjwa mtu mzima mwenye dalili huwa inaagizwa ampuli 1 au 2, inachanganywa kwenye mililita 50 mpaka 100 za dekstrosi au normo selaini, inaingia ndani ya dakika 10 mpaka 20. Kwanini taratibu? Moyo unatumia kalsiamu kujikaza. Ukiimwaga yote kwa mkupuo moyo unapungua mwendo, unapoteza mpangilio, unaweza kusimama pale pale, kwahiyo kama mashine ya ECG, ile ya kuchora mapigo ya moyo, ipo unganisha, kama haipo kaa na mgonjwa mkono kwenye mapigo, usiende kujaza faili. Akisema mwili umepata joto ghafla na mdomo una ladha ya chaki, punguza mwendo. Anayetumia digoksini, dawa ya moyo, ni hatari mara mbili kwa sababu zote mbili zinausukuma moyo upande mmoja.

Msuli hapana kwa sababu kalsiamu inaunguza nyama, inaoza, na hata ikivuja nje ya mshipa wakati dripu inaingia ni hivyo hivyo, kwahiyo mshipa mzuri mkubwa na uuangalie, sio kale kamshipa ka juu ya kiganja kaliko chomwa mara nne. Usichanganye na baikaboneti wala fosfati, inaganda humo humo kwenye mrija. Seftriaksoni na kalsiamu kwa kichanga ni mwiko. Na ukikuta kalsiamu kloraidi badala ya glukoneti usiseme ni ile ile, ina kalsiamu karibu mara tatu kwa ujazo huo huo. Ukiwa umempa kalsiamu mara mbili, tatu na namba haipandi, uliza magnesiamu imepimwa? Ikiwa chini kalsiamu haipandi ng'o.

Hii kalsiamu glukoneti wewe umeshaiona lakini, ila wodi ya wazazi. Mama wa kifafa cha mimba aliyepewa magnesiamu salfeti, goti likiacha kuitikia, pumzi zikishuka chini ya 16 kwa dakika, mkojo chini ya mililita 30 kwa saa, unasimamisha magnesiamu, na pumzi zikikatika kalsiamu glukoneti gramu 1 taratibu kwenye mshipa ndio inayomrudisha huku mnamsaidia kupumua. Ampuli ile ile. Kwahiyo ujue inakaa kabati gani kabla hujaihitaji.

Akitulia anahamia kwenye vidonge vya kalsiamu na vitamini D ile iliyokwisha kuamshwa, kalsitrioli au alfakalsidoli, kwa sababu bila homoni ya parathairoidi figo haiwezi kuiamsha ya kawaida. Hilo swali la mtihani linapendwa.

Nina duka la dawa muhimu Nguruka. Bibi zetu wananunua kalsiamu kwa ajili ya miguu, wanauliza wameze ngapi, nami nawapa tu. Muuzaji

Usiwape tu. Miguu kuuma sio lazima kalsiamu, inaweza kuwa mishipa, sukari, magoti yenyewe yamechoka. Kalsiamu kaboneti inamezwa na chakula kwa sababu inataka asidi ya tumbo, na tumbo halipokei zaidi ya miligramu 500 za kalsiamu kwa mara moja, kwahiyo kumeza mbili kwa pamoja ni kufurahisha choo, nacho kitakuwa kigumu. Maji ya kutosha. Aliyewahi kupata mawe ya figo amwone daktari kwanza, vivyo hivyo anayemeza dawa ya presha ya kukojoza jamii ya thayazaidi maana ile inazuia kalsiamu isitoke na mkojo. Kiu isiyoisha, mkojo mwingi, tumbo kufunga, kuchanganyikiwa, hiyo ni kalsiamu imezidi.

Na muulize anatumia nini kingine. Doksisaikilini na siprofloksasini zinakamatwa na kalsiamu, zinapotea. Anayetumia ARV yenye dolutegraviri aimeze masaa 2 kabla ya kalsiamu au masaa 6 baada, au avimeze vyote pamoja lakini na chakula. Hili usiliulize kwa sauti mbele ya foleni, mvute pembeni bwana.

Afu bibi wa Kigoma anayekula dagaa mzima na miba yake kila siku, wakati mwingine ana kalsiamu kuliko wewe unayemuuzia.

Ni kweli muhogo unaleta goita? Na chumvi ya Uvinza inaitibu? Baba wa Kasulu

Nusu kweli. Muhogo, hasa mchungu usiolowekwa vizuri, unaacha kemikali ambayo mwilini inageuka thayosayaneti, nayo inaizuia tezi kuchukua madini joto. Mtu mwenye madini joto ya kutosha hapati shida, ataendelea na ugali wake wa muhogo na mgebuka. Mwenye upungufu ndio tezi inavimba ikihangaika. Kwahiyo loweka, anika, na utumie chumvi yenye madini joto.

Uvinza wamechemsha chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, misafara ya Wanyamwezi ilikuwa inaibeba, ni fahari yetu. Ila madini joto kwenye chumvi yanaongezwa kiwandani, hayaji tu kwa sababu chumvi imetoka ardhini, kwahiyo angalia pakiti imeandikwa nini, sio imetoka wapi. Ifunike, isikae juani wala pembeni ya jiko, na uiweke chakula kikikaribia kuiva. Samaki wa ziwani pia asikudanganye, wa baharini ndiye mwenye madini joto mengi.

Kutibu? Inazuia. Goita ya miaka ishirini yenye mabonge haitayeyuka kwa chumvi, na mtu mzima mwenye goita ya hivyo akipewa madini joto mengi kwa mpigo, tezi inaweza kuwaka na kuanza kufanya kazi kupita kiasi. Kwahiyo yale matone ya madini joto ya Lugoli, ambayo daktari Mfaransa Jean Lugol aliyatengeneza mwaka 1829, sio ya kununua na kujitibia. Sisi hospitali tunayatoa kama siku 10 kabla ya upasuaji kupunguza damu kwenye tezi, tena baada ya kabimazoli kutangulia, kwenye maziwa au juisi na kwa mrija kwa sababu yanachafua meno.

Mwalimu mstaafu, Ujiji: nimepewa alendroneti ya mara moja kwa wiki kwa ajili ya mifupa, nimeambiwa nisilale. Siku nzima?

Hapana mwalimu, nusu saa tu. Asubuhi kabla ya kula, glasi nzima ya maji, ukae wima au utembee dakika 30 bila kula wala kuinama, maana kidonge kikirudi kwenye umio kinachoma. Ukisikia kifua kinaungua ukimeza, acha na urudi. Kama una jino la kung'olewa ling'oe kabla ya kuanza.

Mke wangu anatumia levothairoksini 75, tumegundua ana mimba ya wiki sita. Shemeji zangu wanasema aache dawa mpaka ajifungue. Tupo Nzega. Mume mwenye wasiwasi

Asiache hata siku moja, na waambie mashemeji kwa upole. Wiki hizi za mwanzo mtoto hana homoni ya tezi yake mwenyewe, anategemea ya mama, na inahitajika kwenye ubongo. Tena mahitaji yanapanda, wengi wanaishia kuongezewa robo mpaka nusu ya dozi, kwahiyo msisubiri kliniki ya mwezi ujao, nendeni wiki hii TSH ipimwe dozi irekebishwe, na iendelee kupimwa kila baada ya wiki 4 mpaka katikati ya mimba. Akishajifungua dozi inarudi ya zamani, na kunyonyesha hakuna shida.

Kliniki watampa vidonge vya chuma na foliki, avichukue, ila asivimeze asubuhi na levothairoksini kama wengi wanavyofanya kwa kuwa vyote vimewekwa kopo moja juu ya kabati. Levothairoksini alfajiri, vya chuma baada ya chakula cha usiku, na wewe mume ndio utunze kopo la pili chumbani.